Nondo wa Nyuzilandi na Maji ya Mdomoni Mwangu

Ulikuwa ule mwaka tuliokula mandazi yasiyo na mayai. Mafua ya ndege yalikuwa yamemaliza kuku, mayai yakaadimika madukani, na kina mama wa kanisa letu pale Takoma Park, ambao kila mmoja anaona ndiye aliyemfundisha Mungu kukanda unga, wakaanza kukanda bila yai. Mandazi yakawa magumu. Andazi ulikuwa unalichovya kwenye chai, unahesabu mpaka kumi, unalitoa, nalo bado linakutazama. Mwaka huo nausahau vipi? Nilikuwa na andazi zima mdomoni, kulimeza siwezi, kulitema aibu, nilipoambiwa mbele ya watu kwamba mjukuu wangu ameacha udaktari.

Mimi ni mtu wa kujisifu, wala sioni haya. Nilisoma mpaka darasa la tatu huko kwetu milimani, Utaita, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nikawalea. Nikaolewa, nikalea wa kwangu. Kisha binti yangu akazaa huku Marekani, na kazi yake ni kutunza wazee wa watu, akitoka kwa huyu anaingia kwa yule, basi nikapanda ndege nikaja kulea tena. Yule mtoto alipokelewa na mikono hii akiwa na siku kumi na moja. Mtu aliyelea namna hiyo asipojisifu, ajisifu nani? Siku msichana alipoingia chuo kikuu ili baadaye awe daktari wa watu, nilitangaza. Nilitangaza kanisani, nikatangaza kwenye basi, nikamtangazia mwuza samaki. Hata yule baba anayeleta barua, ambaye lugha yake siijui na yangu haijui, nilimwonyesha picha kwenye simu nikagusa kifua changu kama daktari anavyopima, naye akainua kidole gumba. Alielewa.

Sasa Jumapili hiyo nimekaa kwenye chai baada ya ibada. Pembeni yangu kuna mama mmoja Mkongo tunayekaa naye benchi moja miaka yote, mtu mzuri, ila mdomo wake hauna mlango. Akaniinamia.

"Mama, mtoto anaendaka lini kule kwa wale nondo?"

Nikamtolea macho, maana andazi lilikuwa limeziba njia.

"Si ule nondo wa kukunja majani? Binti yako alituambiaka. Mtoto aliacha udaktari, sasa anasoma nondo. Ni muzuri tu, mama. Kazi ni kazi."

Kazi ni kazi! Hayo ni maneno ya kumwambia mtu ambaye mwanawe amefungwa.

"Weye haukujua?" akasema, akashika mdomo. "Yesu wangu. Siye wote tunajua tangu mwaka jana."

Nikatazama upande wa pili wa ukumbi. Binti yangu alikuwa anamimina chai. Akaniona. Akaiweka ile chupa ya chai chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka, na hapo nikajua ni kweli.

Kutoka Takoma Park mpaka nyumbani kwake Bowie ni mwendo wa kutosha kusema mambo mengi garini. Nilinyamaza mpaka tulipoingia barabara kubwa, ile ambayo hawezi kusimamisha gari akakimbia.

"Ulijua?"

"Mama, nilikuwa nitakuambia."

"Tangu lini ulikuwa utaniambia?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka mzima! Kila Jumapili nasimama nasema daktari, daktari, nao wanaitikia amina, na wote wanajua! Na wewe unanitazama tu, unamimina chai!"

"Ningekuambia ungepiga kelele."

"Na sasa sipigi?"

"Sasa unapiga, Mama. Ndiyo maana sikukuambia."

Huyo ndiye niliyemzaa. Ukimkamata ameiba, atakuambia ameiba kwa sababu alijua utamkamata.

Jioni msichana akaja kutoka chuoni, akaketi mezani na tarakilishi yake. Mimi na yeye tuna utani wetu wa bibi na mjukuu: mimi humwita mke mwenzangu, yeye huniuliza leo mume analala kwa nani. Jioni hiyo sikumwita mke mwenzangu. Nilimwita kwa jina lake lote, na la ubatizo pia. Akajua.

Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu anajibu Kiingereza, na mimi Kiingereza nakisikia ila sikitumii, kwa hiyo tunapogombana kila mtu yuko nchini kwake. Akanionyesha picha ya nondo. Nikavaa miwani. Kijitu kidogo kama ukucha, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nikasubiri anionyeshe picha nyingine, huenda hiyo ni ya mtoto wake, mkubwa yuko nyuma. Hakuna. Ndiye huyo.

Akaeleza. Nondo huyu ni mwenyeji wa Nyuzilandi, nchi ya visiwa, huko chini kabisa ambako hata majira yamegeuka. Hakuletwa na mtu. Kiwavi wake anakunja jani, analishona kwa uzi wake mwenyewe, anakaa ndani anakula nyumba yake. Zamani alikula miti ya mwituni. Wazungu walipoleta matufaha akayaonja, akayapenda, na sasa wakulima wanalia. Akasema wako nondo wawili watatu wanaofanana hivyo hivyo, hata wataalamu wakiwatazama wanashindwa kujua nani ni nani. Anayejua ni dume tu, kwa harufu ya jike. Basi yeye amepata nafasi ya miaka miwili kwenye maabara huko huko visiwani, aichunguze hiyo harufu.

"Ngoja," nikasema. "Nimekulea miaka ishirini na miwili, nimekupaka mafuta, nimekutoa funza wa uongo na wa kweli, ili uende mwisho wa dunia ukanuse makwapa ya nondo jike?"

"Nyanya, nondo hana kwapa."

"Na wewe huna haya."

Binti yangu akacheka jikoni. Nikamsikia. Nikamwekea hiyo nayo.

Baada ya hapo nilinyamaza. Kelele zangu watu wa nyumba ile wamezizoea, wanapita chini yake kama mvua ya rasharasha. Kunyamaza kwangu ndiko wanakokuogopa. Nilipika, nikafua, nikapalilia kunde zangu nyuma ya nyumba, nikaitikia salamu, na zaidi ya salamu sikutoa neno. Wiki tatu.

Viza ya msichana ikachelewa. Wakamwambia asubiri. Akasubiri, wakamwambia asubiri tena, wanataka karatasi nyingine. Ndipo binti yangu akaja chumbani kwangu na sare yake ya kazi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, ni moyo wako."

"Moyo wangu umefanya nini?"

"Unajua."

Najua, ndiyo. Kwetu mtu mzima akiweka hasira moyoni juu ya mtoto wake, hata asiseme kitu, ile hasira inatoka yenyewe inakwenda kufanya kazi. Mtoto anaugua, ng'ombe anatupa mimba, safari inaharibika. Dawa yake ni kutasa. Yule mwenye hasira anachukua maji mdomoni, anayatema kwa manyunyu juu ya yule aliyemkasirikia, anasema kwa sauti kwamba hasira imetoka, anamwombea heri. Mchungaji wetu hayapendi mambo haya, anasema ni ya kale. Lakini mama yangu alikuwa mzee wa kanisa na alitutemea sote kabla ya mitihani.

"Kwa hiyo," nikamwambia binti yangu, "moyo wangu umetoka Bowie, umefika ubalozini, umepanga foleni, umeficha karatasi za mtoto?"

"Usinicheke. Mtemee maji aende. Nafasi ile haimngoji. Asipofika mwisho wa mwezi wanampa mtu mwingine."

"Sitemi maji na hasira bado imo."

"Basi itoe!"

"Inatolewa kama jino?"

"Mama, jifanye tu. Chukua maji, tema, sema yale maneno, imekwisha. Mtoto atapata amani."

Hapo nilisimama. Mimi nimesema uongo mwingi maishani. Nimedanganya umri, nimemwambia mama mkwe kwamba chakula chake kitamu. Lakini kuweka maji mdomoni na kuyaapia kwamba moyo ni mweupe, na moyo unachemka, hilo sijafanya. Maji yale yakitoka na uongo yanamrudia mtoto. Utampa nini tena cha kumkinga, ukishaharibu hicho?

"Toka chumbani kwangu," nikasema. "Nenda ukanyoshe mgongo, una zamu kesho."

Akatoka. Lakini huyu ni binti yangu, kichwa chake amekirithi kwangu. Asubuhi nikakuta glasi ya maji mezani pembeni ya chai yangu. Imejaa, safi, imefunikwa kitambaa. Siku ya kwanza niliyanywa. Siku ya pili nikayamwagia kunde. Siku ya tatu nikalowekea meno yangu. Hapo alisimama mlangoni, akaitazama ile glasi na meno yanamchekea ndani yake, akaondoka kwenda kazini bila kuaga. Siku ya nne glasi ilikuwapo tena. Nyingine.

Kisha viza ikaja. Yenyewe, bila mate yangu. Nikapiga meza.

"Mnaona? Mmenisingizia moyo! Karatasi zilikuwa kwenye meza ya mtu aliyekwenda likizo!"

Nilidhani nimeshinda. Msichana akaishika ile bahasha, hakuifurahia. Akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hutoka tu akiwa mgonjwa au ana hofu:

"Mimi sipandi ndege, Nyanya. Sipandi mpaka unitemee maji."

"Nafasi itapotea."

"Ipotee."

"Wewe umezaliwa hapa! Umesoma sayansi! Unaamini mate ya bibi kizee?"

"Sijui kama naamini. Sipandi."

Ndege ilikuwa Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne sanduku lake lilikaa ukumbini wazi, halijatiwa hata soksi. Binti yangu akawa anapita kuniangalia, anapita kuniangalia, mpaka nikamwuliza kama nimeota pembe. Usinione chuma. Nilijikalia kwenye kiti changu nikauchimba moyo wangu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilitaka niikute hasira imekwisha. Nilishika hapa, ipo. Nikashika pale, ipo. Nilimkasirikia mtoto, nikamkasirikia nondo, nikaikasirikia Nyuzilandi, nchi ambayo haijanikosea kitu.

Jumatano mchana nikaenda kwenye kunde zangu. Mwezi wa nane wa huku jua linakukalia kichwani kama mzigo wa kuni, na kunde zinalipenda. Majani kadhaa yalikuwa yamejikunja. Hao ni viwavi wa hapa hapa, si wa visiwani, lakini tabia moja. Mimi dawa ya dukani sitii kwenye mboga. Napita jani kwa jani, lililokunjwa nalibinya kwa vidole viwili, unasikia mpasuko mdogo ndani, basi, unakwenda lingine. Hivyo ndivyo tulivyofanya nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyofanya tulipokaa kwenye ghorofa kule Takoma Park, na kunde zangu kwenye ndoo sita barazani.

Msichana akaja, akachuchumaa safu ya pili. Akachukua jani lililokunjwa, lakini yeye hakulibinya. Akaufungua ule mshono kwa ukucha, polepole, kama anafungua barua ya mtu mwingine. Kiwavi akatokeza, akarudi nyuma mbio, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu.

"Nyanya, unakumbuka kule barazani?"

"Nakumbuka."

"Ulinipa kazi. Ulisema vidole vyangu ni vidogo, niwabinye mimi."

"Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unanizonga, nikakupa kazi."

"Sikumbinya hata mmoja. Niliwaweka kwenye chupa ya siagi ya karanga, chini ya kitanda, nikawapa majani. Wakageuka nondo." Akalikunja tena lile jani. "Ila kuna kitu sikijui mpaka leo. Mimi nilikifunga kile kifuniko kabisa. Asubuhi nikakikuta kina matundu. Nilimwuliza Mama, akasema si yeye."

Nikabinya jani ambalo halikuwa limekunjwa.

"Nani aliyekitoboa, Nyanya?"

Jioni ile nilikuwa nafagia chini ya kitanda. Nikaiona ile chupa, na viwavi ndani wamelala kama watu kwenye kanisa lenye joto. Nilitaka kuitupa. Kisha nikawaza: wakifia humu watanuka, na mtoto atalia, na mama yake amelala ametoka kazini. Nikachukua ncha ya kisu cha mboga, nikatoboa matundu. Saba. Nikairudisha pale pale, nikafagia kwingine.

"Wangenuka," nikasema.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye udongo na suruali yake safi. Nami, nisikufiche, hasira ya nondo ikanitoka hapo hapo. Nitamkasirikiaje nondo, na mimi ndiye niliyempa pumzi? Daktari wa wadudu nilimtengeneza mwenyewe kwa kisu changu, halafu nikaja kupiga kelele garini.

Lakini nilipouchimba moyo tena, chini ya ile kulikuwa na nyingine. Nikaona afadhali niiseme, maana hasira isiyosemwa hata maji hayajui pa kuipata.

"Hasira yangu si mdudu," nikamwambia. "Kwa nini nilisikia kwa watu?"

Kucheka kukaisha. "Niliogopa."

"Kwamba nitapiga kelele?"

"Kwamba utanyamaza."

Nikang'oa gugu. Nyuki wakafanya kazi yao kwenye maua ya kunde.

"Na jingine," nikasema. "Wewe unasema miaka miwili. Kwako miaka miwili ni kama kwenda dukani na kurudi. Mimi nina miaka ambayo hata ya kudanganya imekwisha. Ukirudi unaweza kunikuta, unaweza kukuta kiti. Na badala ya kukaa nami unakwenda kwa nondo. Ndiyo hasira yangu. Hiyo ndiyo yote, hakuna iliyobaki nyuma."

Alilia. Kwa Kiingereza akasema pole, kisha akasema kwa Kiswahili. Akasema kama nataka abaki, atabaki, na alimaanisha, niliona usoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaki abaki. Abaki afanye nini, anihesabie pumzi? Nilijitazama ndani. Huzuni ilikuwapo, tele, lakini huzuni haikatazwi. Hasira sikuiona.

"Lete maji," nikasema.

"Ya ndani? Ya glasi ya Mama?"

"Ya glasi ya mama yako yana meno. Lete huo mpira wa bustani."

Akaufungua. Maji ya kwanza yalikuwa ya moto kutokana na jua, yana ladha ya plastiki. Nikayaacha yamwagike mpaka yakapoa. Nikachukua mdomo mmoja. Akapiga magoti kati ya safu mbili. Nikatema juu ya kichwa chake, manyunyu mazuri, maana mapengo yangu yanasaidia.

"Kama nilikukasirikia, nimeitoa. Imekwenda na maji. Nenda salama, ule vizuri, ulale vizuri, hao nondo wakuonyeshe siri zao. Mtu wa huko akuone ni wa kwao. Urudi unikute."

Nikachukua mdomo wa pili, nikatema tena. Miwani yake ikajaa matone. Hakuifuta.

"Amka, mke mwenzangu," nikamwambia. "Sanduku halijijazi lenyewe."

"Na mume?"

"Mume nitakaa naye mimi. Wewe nenda na wako wa mabawa."

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Binti yangu alikuwa ametoka kazini, na sare yake, na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Akamwona mtoto amelowa kichwa. Akauona mpira mkononi mwangu. Akashika mashavu, akaja mbio akikanyaga kunde zangu, sijui ngapi, akapiga magoti pale pale mwenzake alipoinuka.

"Asante Mungu! Na mimi, Mama. Nitemee na mimi tumalize."

Nikamtazama. Mwaka mzima amemimina chai.

"Umekuja kuomba radhi?" nikamwuliza.

"Radhi ya nini tena, Mama? Si yamekwisha? Si ningekuambia ungepiga kelele?"

Nikafunga mpira.

"Sitemi maji na hasira bado imo."